Kabla Uite Tembe Zangu za Mathari

Huku Naitiri ukitaka kumtusi mtu haraka, unamwambia aende Mathari. Wengi wetu hatujawahi kuiona hiyo hospitali. Iko Nairobi, kando ya barabara ya Thika, safari ya siku nzima kwa matatu. Lakini jina lake kila mtoto analijua. Ndiyo maana nikisema namezea chai ya asubuhi tembe ya fluoksetini kwa sababu ya hofu ya watu, msikilizaji hasikii fluoksetini. Anasikia Mathari. Nikaamua kuchimba nijue hilo jina lilitufikiaje na hofu kubwa hivi, na kumbe stori yenyewe inapita hapa jirani tu, Kimilili.

Kwanza tuelewane ni hofu gani. Sisemi aibu ya kawaida. Kwetu kuna neno chisoni, na mtu mwenye chisoni husifiwa, hasa akiwa msichana: ana heshima, hapayuki. Mimi naongea kuhusu kitu kingine. Unaambiwa ujitambulishe kwa watu kumi na moyo unadunda kama umekimbia kutoka sokoni, sauti inakatika, jasho linatoka viganjani. Halafu usiku unalala ukirudia sentensi mbili ulizosema, unatafuta ni wapi watu walikucheka. Baada ya muda unaanza kukwepa. Huendi mahojiano ya kazi, unaacha kozi, unapitia shambani usipite penye watu.

Na ujue mimi ni mtoto wa Kibukusu. Hapa mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wanapigisha chinyimba kijiji hadi kijiji, kisha wanapakwa matope ya mtoni alfajiri na kusimama mbele ya umati wapashwe tohara. Hukonyezi jicho. Nilisimama mwaka wa 2016 na hakuna aliyenicheka. Miaka minne baadaye nilikuwa nashindwa kuitisha chapati hotelini. Basi mtu anieleze hiyo ni ukosefu wa ujasiri wa aina gani. Siku ya sikhebo hakuna anayekutaka useme kitu. Unatakiwa unyamaze, na kunyamaza nilikuwa bingwa.

Sasa Mathari. Ilifunguliwa mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka wa 1924 ndipo ikapewa jina la Mathari. Ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na mara nyingi mgonjwa aliletwa na polisi, si na mama yake. Hapo ndipo Elijah Masinde anaingia. Unamjua Masinde kama nabii wa Dini ya Msambwa. Watu husahau alikuwa pia mwanasoka aliyeichezea Kenya. Alipoanza kuwaambia Wabukusu waache dini za wageni na wakatae amri za mkoloni, serikali ilimkamata, na mwaka wa 1945 ikampeleka Mathari. Alikaa humo hadi 1947. Mtu anasema Mzungu arudi kwao, anaandikiwa kwamba ni mwendawazimu! Februari 1948 wafuasi wake walipigwa risasi Malakisi, na yeye akakamatwa tena na kufungiwa mbali na nyumbani kwa zaidi ya miaka kumi.

Babu zetu waliishuhudia hiyo. Baadhi yao walikuwa vibarua kwenye mashamba ya walowezi huku Trans Nzoia, kabla ardhi hii kugawanywa kwa wananchi baada ya uhuru. Walichojifunza ni rahisi: hospitali ya akili ni jela yenye shuka. Siwalaumu hata kidogo. Kwa walichoona, walikuwa sahihi.

Kuna sehemu ya pili ya hii stori ambayo haisimuliwi sana, na kwangu ndiyo chungu zaidi. Mkuu wa Mathari miaka ile alikuwa daktari anayeitwa J. C. Carothers. Alipewa hospitali hiyo mwaka wa 1938 akiwa daktari wa kawaida, hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alisema huzuni ile nzito ni adimu kwetu, na akatulinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu Mau Mau kwa ajili ya serikali ya kikoloni, kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa. Fikiria: mtu anakaa ndani ya ua anakoletewa wagonjwa na askari, halafu anaandika kuhusu bara zima. Yule mama wa Kimilili asiyelala kwa mawazo, kijana anayetetemeka akiitwa mbele ya darasa, hao hawakufika Mathari, kwa hivyo kwake hawakuwepo.

Walikuwepo. Mwaka wa 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, hapo tu ng'ambo ya Mlima Elgon ukiendelea mbele. Walienda kwa watu nyumbani, wakawauliza. Wakakuta huzuni ya kiwango cha ugonjwa ni nyingi kuliko kwenye mtaa wa London waliolinganisha nao. Lakini ile dhana ya Carothers haikufa, ilibadilisha nguo tu. Leo inavaliwa na sisi wenyewe tukisema ati wasiwasi ni ugonjwa wa wazungu na watoto wa Nairobi.

Dawa zenyewe zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Propranololi, kwa mfano, ilitengenezwa miaka ya 1960 na Mskoti James Black, ambaye alikuwa anatafuta dawa ya moyo. Inazuia adrenalini isiupige moyo kama ngoma. Miaka ya 1970 madaktari London walijaribu dawa ya ukoo huo kwa wanamuziki wa ala za nyuzi, wakaona mikono inatetemeka kidogo jukwaani. Black alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Hiyo dawa inaweza kumsaidia mtu mwenye hotuba moja ya kutisha, ila haiponyi hofu ya kila siku, na ukiwa na pumu inaweza kukufungia kifua. Usiombe ya rafiki.

Hofu ya watu yenyewe iliingia rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 1980. Fluoksetini iliruhusiwa huko mwaka wa 1987, kwa jina la Prozac, ikiwa dawa ya huzuni. (Mwaka huohuo Masinde alifariki. Haina maana yoyote, nimeona tu tarehe zikigongana.) Mwaka wa 1999 dada yake, paroksetini, ikaruhusiwa kwa hofu ya watu, na kampuni ikamwaga pesa za matangazo mpaka wakosoaji wakasema wanauza aibu kama ugonjwa. Kuhusu matangazo, nakubaliana na wakosoaji. Biashara ni biashara. Lakini hakuna tangazo lililowahi kufika Naitiri, na moyo wangu ulikuwa unadunda bila kulipwa na kampuni.

Halafu tusijidanganye kwamba kijijini watu hawatumii dawa ya hofu. Wanatumia. Inaitwa busaa, inaitwa chang'aa. Namjua kijana asiyeweza kusalimia watu matangani mpaka apitie kwanza nyuma ya nyumba fulani. Huyo hakuna anayemwambia aende Mathari. Wengine wananunua tembe za usingizi mitaani, zile zile ambazo wezi wa vilabuni huwawekea watu kwenye vinywaji, na ndiyo sababu nyingine neno tembe linanuka.

Kwa hivyo hivi ndivyo yangu inavyofanya kazi. Haikulazi, haikuchangamshi. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa serotonini. Dawa inaiacha ikae muda mrefu kidogo kati ya neva na neva. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, na wasiwasi ulipanda kidogo kabla ya kushuka. Daktari wa Kitale alikuwa ameniambia mapema, na akaniambia nikiona mawazo ya kujidhuru nisingoje siku ya kliniki, nije mara moja. Ilifika kama wiki ya sita ndipo nikagundua nimenunua nyanya na kubishana bei na mama mboga bila kujiandaa.

Bado naogopa. Tofauti ni kwamba sasa hofu inaacha nafasi nifanye yale mazoezi ninayopewa na mshauri: wiki hii salimia watu watatu usiowajua, wiki ijayo uliza swali kanisani. Kabla ya dawa hayo mazoezi nilikuwa nayaandika tu kwenye daftari.

Shosho yangu aliona pakiti juu ya meza. Alizaliwa mashambani enzi za walowezi, na jina la Masinde analitaja kwa sauti ya chini mpaka leo. Akaniuliza, "Mjukuu, hizi ni za serikali ama ni zako?" Nikamwambia, "Ni zangu, kukhu. Nilienda mwenyewe kwa miguu yangu, na nilirudi jioni ileile." Akaigeuza pakiti, akasoma tarehe ya kuisha, akanirudishia, kisha akaniuliza kama nimekula, kwa sababu dawa haimezwi tumbo likiwa tupu.