Yai la kienyeji na yai la dukani: tofauti iko wapi?

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mara nyingi yai dogo la kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko yai kubwa litokalo kwenye trei ya dukani. Wanunuzi wengi huamini kuwa kiini chake cha rangi ya chungwa kina lishe zaidi. Suala hilo si dogo katika nchi ambayo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019-2020, asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa.

Rangi ya kiini hutokana na chakula cha kuku. Majani mabichi na mahindi ya njano hukikoleza. Mahindi meupe hukipausha. Mfugaji wa kibiashara naye aweza kuchanganya rangi katika chakula, hivyo kiini kilichokolea si ushahidi kwamba kuku alitembea uwanjani. Rangi ya ganda, kwa upande wake, hufuata aina ya kuku tu.

Protini haitofautiani sana. Yai la kawaida la dukani lina gramu 6 hivi; la kienyeji, kwa udogo wake, huwa na pungufu. Hata hivyo, kuku aotaye jua hutaga yai lenye vitamini D zaidi, na majani na wadudu huboresha mafuta ya kiini.

Tofauti kubwa zaidi, ambayo wanunuzi huisahau, ni umri wa yai. Mtetea wa kienyeji hupenda kutaga mafichoni, tena huishi na jogoo. Yai likigunduliwa baada ya siku kadhaa za kulaliwa, huenda kifaranga kimeshaanza kuumbika, au yai ni viza. Mashambani ambako kuku wa mayai hufugwa bila jogoo, jambo hilo la kifaranga halitokei, lakini yai laweza kuchakaa njiani au dukani. Lote mawili hupimwa kwa bakuli la maji: yai bichi la karibuni hulala chini, la zamani husimama, kwa kuwa hewa imeongezeka ndani yake, lielealo ni heri kulitupa.

Usalama nao hauna upande mmoja. Kuku wa kibiashara aliyepewa antibiotiki huhitaji muda kabla mayai yake hayajauzwa, na muda huo usipozingatiwa, mabaki ya dawa humfikia mlaji. Kuku wa nyumbani achakuraye majivu ya takataka au udongo wa karibu na gereji aweza kupitisha madini ya risasi hadi kwenye yai. Vimelea vya salmonela hupatikana kote kuwili, na huuawa kwa kupika yai hadi kiini na ute vigande.

Yai lenye uchafu kidogo hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kuliosha kabla ya kulihifadhi huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda, na vijidudu hupata njia ya kuingia.