Wapenzi wa Nyota



Mara nyingi twadhani kwamba elimu ya nyota ni mali ya wataalamu wa miji mikubwa. Historia yatufundisha vingine.

Camille Flammarion alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, katika jamaa isiyo na mali. Alianza kama mwanafunzi wa fundi wa nakshi. Mwaka 1858, akiwa na miaka 16 tu, alipokelewa katika kituo cha Paris cha kuchungulia nyota, afanye kazi ya hesabu. Mwaka 1880 alitoa kitabu kikubwa juu ya nyota kwa ajili ya watu wa kawaida. Msomaji mmoja alikifurahia hata akampa nyumba huko Juvisy, naye akaigeuza kuwa kituo chake cha kutazamia anga. Hatimaye, mwaka 1887, alianzisha Chama cha Elimu ya Nyota cha Ufaransa, kilichowafungulia mlango wataalamu pamoja na kila apendaye nyota. Chama hicho kingali hai.

Karibu nasi, huko Nairobi, Susan Murabana alisomea uchumi kabla ya kusomea nyota. Mwaka 2014, yeye na Daniel Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, na tangu hapo wanasafiri na darubini hadi shule za vijijini, ili mtoto ambaye hawezi kuifikia afikiwe nayo.

Na sisi wa Masisi na Walikale? Vita vimetufanya tuuogope usiku. Hata hivyo, juu yetu pana utajiri ambao Flammarion hakuwa nao kwake Juvisy. Kwa kuwa twakaa karibu na ikweta, mwezi wa tano, kwenye saa tatu za usiku, mawingu yakiachia, tunauona Msalaba wa Kusini upande mmoja, na tukigeuka kaskazini twaziona nyota saba za Dubu Mkubwa. Mkaaji wa Paris hauoni Msalaba huo kamwe akiwa kwake.

Darubini hatuna, daftari tunalo. Tuandike kila jioni, kutoka uani kwetu, saa ambayo mwezi unachomoza. Tutagundua wenyewe kwamba hukawia karibu dakika 50 kila siku. Hivyo ndivyo elimu ya nyota ilivyoanza: kwa kutazama, kuandika na kulinganisha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni elimu gani tumeiacha kwa kudhani si yetu?
2. Nani kati yetu atalitunza daftari la kwanza?