Kuiga na Kwiga: Shahada ya Uzamili na Mwalimu wa Sekondari wa Mahoko

"Mimi ninaiga Mahoko. Mwalimu wetu anatuigisha vizuri." Sentensi hizi mbili nilizikuta katika daftari la mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, zimepigiwa mstari mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika neno moja: tahajia. Hapana, tahajia haikuwa na tatizo. Kwa Kinyarwanda kwiga ni kusoma, na kwigisha ni kufundisha. Mtoto alichukua kitenzi cha kwao akakivika viambishi vya Kiswahili bila kukosea hata kimoja, akajikuta amesema kwamba anafuatisha matendo ya mtu. Sarufi yake ilikuwa safi kuliko ya watu wazima wengi ninaowajua. Kilichomponza ni udugu wa lugha mbili zinazofanana sura na kuachana maana.

Mwalimu aliyesahihisha daftari hilo ana shahada ya kwanza, na ni mchapakazi. Amesoma fonolojia, sintaksia, riwaya na tamthilia. Lakini hakuna aliyekaa naye akamwonyesha jinsi mtoto wa Kinyarwanda anavyokosea Kiswahili, na kwa nini anakosea hivyo na si vinginevyo. Ninaanza na daftari hili kwa sababu mjadala wa kama mwalimu wa sekondari anahitaji shahada ya uzamili huendeshwa mbali sana na daftari, ukizungumzia hadhi, ngazi na mishahara. Msimamo wangu ni kwamba anaihitaji, kwa sharti moja zito: shahada hiyo ichumwe darasani kwake. Ile inayomtoa Mahoko na kumrudisha na cheti tu haistahili pesa anazokopa wala Jumamosi anazopoteza.

Mahoko ni kituo cha biashara katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu, kwenye barabara itokayo Musanze kushuka Gisenyi. Soko lake linajulikana pande zote za huko, mashamba ya chai ya Pfunda hayako mbali, na mto Sebeya unapita jirani ukielekea Ziwa Kivu. Gisenyi imepakana na Goma ukuta kwa ukuta, na kwa miaka mingi Kiswahili kimekuwa lugha ya mapatano ya bei kati ya pande hizo mbili. Mwaka 2007 Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mtoto wa Mahoko, basi, hukisikia Kiswahili sokoni kabla hajakikuta ubaoni, na kile cha sokoni kina tabia zake.

Ukiingia ofisi ya walimu huku, watu hutajana kwa herufi na namba. A2 ni aliyemaliza chuo cha ualimu ngazi ya sekondari, kama kile cha Gacuba II kilichopo Rubavu. Huyo ni wa shule ya msingi. A1 ana diploma na hufundisha miaka ya chini ya sekondari. A0 ana shahada ya kwanza, na anaweza kufundisha hata miaka ya juu. Ng'ambo ya mpaka wenzao wa Kongo wamezoea kusema D6, G3, L2. Hata nyongeza ya mishahara iliyotangazwa Agosti 2022 ilipangwa kwa herufi hizo: asilimia 88 kwa A2, asilimia 40 kwa A1 na A0. Ilikuwa nafuu ya kweli na sina neno baya juu yake. Ila ngazi inapokuwa ndiyo jina la mtu, elimu hugeuka kuwa kitu cha kupanda, na anayepanda huangalia juu. Watoto wako chini, kwenye madawati.

Rwanda haikuanza jana kutafuta njia ya kuwapata walimu wa sekondari. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, na mwaka 1966 ikaanzishwa taasisi ya taifa ya ualimu, ambayo mwaka 1981 ilimezwa na chuo kikuu. Mfumo uliorithiwa kwa Wabelgiji ulimtaka mwenye shahada ya licence aongeze agrégation, yaani sifa ya kufundisha, juu ya somo lake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoua walimu wengi na kuwatawanya wengine, nchi ilianza karibu upya. Taasisi ya Elimu ya Kigali, KIE, ilifungua milango mwaka 1999. Mwaka 2013 KIE iliunganishwa na vyuo vingine vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na Chuo cha Elimu sasa kiko Rukara, wilaya ya Kayonza, mashariki. Kutoka Mahoko kwenda Rukara unaivuka nchi nzima, kutoka kandokando ya Kongo hadi karibu na mbuga ya Akagera.

Umbali huo una uzito wake katika hoja hii. Mwalimu wa Mahoko anayetaka kuendelea na masomo bila kuacha kazi mara nyingi huangukia masomo ya wikendi katika vyuo binafsi, Musanze au Kigali. Ijumaa jioni anafunga daftari zisizosahihishwa, anapanda basi. Jumapili usiku anarudi, Jumatatu asubuhi yuko ubaoni. Karo huenda ameikopa Umwalimu SACCO, chama cha akiba na mikopo cha walimu. Anafanya hivi kwa miaka miwili. Mwishoni anaandika tasnifu, na hapa ndipo ninapohuzunika. Tasnifu nyingi za uzamili wa elimu nilizozisoma zinahusu uongozi wa mwalimu mkuu, motisha ya walimu, au uhusiano wa kitu fulani na ufaulu katika wilaya fulani, zikitegemea hojaji yenye majibu matano ya kuchagua. Mwandishi anafundisha vipindi vingi kila wiki, mbele ya watoto wanaokosea kwa namna ambazo hakuna mtaalamu aliyezirekodi, na hakuna aliyemwambia kwamba huo ndio utafiti.

Mmarekani Lee Shulman aliliwekea jina jambo hili katika makala yake ya mwaka 1986. Alisema kuna maarifa ya somo na kuna maarifa ya ufundishaji, na kati yake kuna aina ya tatu: kulijua somo kama linavyojulikana na mwalimu, pamoja na mahali wanafunzi wanapojikwaa na mifano inayowainua. Mwanahisabati mahiri anaweza kuikosa. Mtaalamu wa saikolojia ya elimu pia anaweza kuikosa. Takwimu za kwao zinakubaliana naye kwa kiasi. Dan Goldhaber na Dominic Brewer, walipochunguza walimu wa sekondari wa Marekani katika miaka ya 1990, waliona kwamba wanafunzi wa hisabati walinufaika pale mwalimu alipokuwa na shahada ya hisabati, ilhali shahada ya uzamili kwa jumla, bila kujali ni ya nini, haikuonyesha faida hiyo. Wapo wanaotumia matokeo kama haya kusema uzamili hauna kazi. Mimi nasoma tofauti: swali la kuuliza ni uzamili wa nini, uliofanyiwa wapi.

Turudi kwenye Kiswahili cha Mahoko. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasio na ngeli hutumia wiki nyingi kufundisha upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa Kinyarwanda amezaliwa ndani ya ngeli. Umuntu na abantu kwake ni mtu na watu. Wiki hizo ni hasara tupu kwake. Lakini mwambie akuchoree kiti, na anaweza kukuchorea mti, kwa sababu igiti kwao ni mti. Mwambie "sina shaka" atafikiri hutaki kitu, maana gushaka kwao ni kutaka. Halafu kuna r na l zinazobadilishana viti, na kuna Kiswahili cha Goma kinachosikika sokoni chenye miundo yake halali ambayo mwalimu huifuta kwa wino mwekundu bila maelezo. Mwalimu mmoja akiyaandika haya kwa mpangilio kwa miaka miwili, darasa kwa darasa, akajaribu njia mbili tatu za kuyafundisha na kupima ipi imeshika, atakuwa na tasnifu ambayo Dar es Salaam na Nairobi wataisoma kwa hamu, kwa kuwa wao hawawezi kuiandika.

Kiswahili nimekitaja kwa sababu ndicho ninachokijua. Mwalimu wa jiografia ana Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Watoto waliokuwa darasani mwaka ule waliyaona maji yakiingia majumbani. Kuwafundisha mafuriko kwa picha ya mto wa bara jingine, kwa Kiingereza ambacho ndicho lugha ya kufundishia tangu uamuzi wa mwaka 2008, ni kupoteza mwalimu bora kuliko wote, yaani kile walichokiona. Jinsi ya kulifanya hilo bila kumtonesha mtoto aliyefiwa ni swali gumu la kitaaluma. Linastahili shahada.

Mtaala unaojengwa juu ya umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, unadai ufundishaji wa aina hii hasa. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi afanye, agundue, ahusishe. Tumemdai mwalimu kitu ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa kwa njia hiyo.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni la idadi. Mwaka 2020 serikali ilijenga madarasa zaidi ya 22,000 na kuajiri walimu kwa maelfu ili kupunguza msongamano. Nchi inayotafuta walimu kwa kasi hiyo, wanasema, haiwezi kudai uzamili mlangoni. Nakubali, na ndiyo maana sidai uwe sharti la kuingia kazini. Ufini ilipandisha mafunzo ya walimu wa shule za msingi hadi ngazi ya uzamili mwaka 1979, ikiwa na vyuo vikuu vyenye shule zao za mazoezi. Huwezi kuiga paa bila kuta. Mfano wa karibu zaidi uko Makerere. Kuanzia mwaka 1961, chini ya mpango wa Teachers for East Africa, vijana wa Kimarekani na Kiingereza wenye shahada zao walikuja, wengi wakipitia Makerere kusomea Diploma ya Elimu, kisha wakatawanyika katika sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliongezewa ualimu juu ya somo, katika eneo lilelile ambamo wangefundisha.

Pingamizi la pili linauma zaidi: ukimpa uzamili, ataondoka. Ataenda chuoni, au kwenye shirika, au Kigali. Wengi huondoka kweli. Lakini shahada ya hojaji inauzika popote, kwa hiyo inambeba mtu popote. Anayesomea makosa ya watoto wa Kanama ana sababu ya kubaki Kanama, mradi wilaya imtambue: apunguziwe vipindi, alipwe kama mlezi wa walimu wapya wa somo lake katika shule za jirani, na tasnifu yake iwe mikononi mwao badala ya kuota vumbi kwenye rafu ya maktaba. Hili la kupunguziwa vipindi nalisisitiza, kwani bila hilo yote mengine ni maneno.

Msimamizi wake wa utafiti naye asafiri. Kwa sasa mwalimu ndiye anayekwenda chuoni kila mara. Ningetaka kumwona profesa akishuka kwenye basi Mahoko asubuhi, akae nyuma ya darasa la watoto hamsini, na utetezi wa tasnifu ufanyike alasiri katika ofisi ya walimu, A1 na A0 wote wakiwa na haki ya kuuliza. Swali la kwanza ningempa yule aliyeandika "tahajia". Daftari liwekwe mezani, lifunguliwe ukurasa uleule, na mtahiniwa aeleze kwa nini mtoto aliandika ninaiga, na kesho yake asubuhi atamwambia nini.