Ufufuaji wa moyo na mapafu

Ufufuaji wa moyo na mapafu, unaojulikana pia kwa kifupi CPR, ni huduma ya kwanza anayopewa mtu ambaye moyo wake umesimama na hapumui. Mtoa huduma hukandamiza kifua cha mgonjwa kwa mikono ili damu iendelee kufika kwenye ubongo, na akiweza humpulizia pumzi mdomoni. Pakiwepo defibrileta, yaani mashine ya kushtua moyo kwa umeme, hutumiwa pamoja na ukandamizaji huo.

Umuhimu katika Tanzania ya kati

Ubongo huanza kuharibika dakika 4 hadi 6 baada ya kukosa damu yenye oksijeni. Katika mkoa wa Dodoma muda huo ni mfupi kuliko safari nyingi. Kondoa iko takriban kilomita 160 kutoka jijini Dodoma, na Mpwapwa takriban kilomita 120. Hospitali za wilaya zipo, lakini vijiji vingi viko mbali nazo. Mgonjwa anayepakiwa kwenye pikipiki bila kukandamizwa kifua huenda akafika akiwa hawezi kuokolewa tena. Kwa hiyo msaada wa kwanza hutoka kwa aliye karibu: ndugu, mwalimu, mchungaji wa ng'ombe au kondakta wa basi.

Hatua

1. Kuhakikisha usalama. Aliyenaswa na umeme wa nyumbani haguswi kabla swichi kuu haijazimwa. Aliyezimia chumbani penye jiko la mkaa hutolewa nje kwanza.
2. Kumwita kwa sauti na kumtikisa mabega, kisha kuangalia kama anapumua, kwa muda usiozidi sekunde 10. Kukoroma au kuvuta pumzi mojamoja kwa shida si kupumua.
3. Kuita watu. Mmoja hupiga simu ya dharura 112 au kituo cha afya cha karibu, mwingine hutafuta gari.
4. Kumlaza chali mahali pagumu, si juu ya godoro. Mtoa huduma hupiga magoti kando yake, huweka kiganja kimoja katikati ya kifua na cha pili juu ya cha kwanza, mikono ikiwa imenyooka.
5. Kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mara kifua huachwa kirudi juu chenyewe.
6. Aliyejifunza hupuliza pumzi 2 baada ya kila makandamizo 30: huinamisha kichwa cha mgonjwa nyuma, huinua kidevu na kubana pua. Asiyejua huendelea kukandamiza tu.

Kazi hii inachosha, hivyo watu hupokezana kila baada ya dakika 2. Huendelea mpaka mgonjwa apumue, wahudumu wa afya wafike, au nguvu ziishe kabisa. Mbavu zinaweza kuvunjika, lakini mbavu hupona. Kwa mtoto, kifua hukandamizwa theluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto mchanga hutumika vidole gumba viwili.

Kuzama majini na radi

Aliyezama katika lambo la kijiji, au katika mabwawa kama Hombolo na Mtera, amekosa kwanza hewa. Kwake pumzi ni muhimu kama makandamizo, na huduma huanza kwa pumzi 2 hadi 5. Kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo ili maji yatoke hupoteza muda na huweza kuleta matapishi kwenye mapafu.

Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme, hivyo anaweza kuguswa mara moja. Mara nyingi moyo wake huanza tena wenyewe, lakini upumuaji huchelewa kurudi. Radi ikipiga watu wengi, huduma huanza kwa wale wanaoonekana wamekufa, kwa kuwa wanaopumua kwa kawaida huishi.

Defibrileta

Mtu mzima anapoanguka ghafla, mara nyingi moyo wake hautulii kabisa bali hutetemeka bila mpango na hausukumi damu. Mshtuko wa umeme husimamisha mtetemo huo ili mapigo ya kawaida yarudi. Kila dakika inayopita bila mshtuko wala makandamizo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Mashine za kisasa hutoa maelekezo kwa sauti na kupima moyo zenyewe. Hazitoi mshtuko usiohitajika. Mtumiaji huiwasha, hufunua kifua na kukikausha, kisha hubandika kipande kimoja chini ya mtulinga wa kulia na kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Hakuna anayemgusa mgonjwa wakati mashine inapima au inaposhtua. Baada ya mshtuko makandamizo huendelea papo hapo kwa dakika 2. Kuisubiri mashine bila kukandamiza ni kosa kubwa.

Historia

Claude Beck alifanikiwa kushtua moyo wa binadamu wakati wa upasuaji mwaka 1947 huko Cleveland, Marekani. Mwaka 1960 William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Baltimore walieleza njia ya kukandamiza kifua bila kukipasua. Mwaka 1965 Frank Pantridge wa Belfast alianza kutumia defibrileta ndani ya gari la wagonjwa.

Mwaka 2012 mchezaji Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini alipona kwa sababu makandamizo na mishtuko vilianza palepale.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010. Kuanzia 2021 majengo ya huduma za dharura yalijengwa katika hospitali nyingi kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Huduma hizo humfaa mgonjwa aliyekwisha kuanza kusaidiwa pale alipoanguka.