Jaribio la Draize

Jaribio la Draize ni njia ya kupima kama kemikali inawasha, inaunguza au inapofusha jicho. Kemikali hutiwa katika jicho la sungura aliye hai, kisha madhara yake hufuatiliwa kwa muda usiozidi siku 21. Jina linatokana na John Henry Draize (1900–1992), mtaalamu wa sumu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Kwa miongo mingi jaribio hili ndilo lililoamua maneno ya tahadhari yanayoandikwa kwenye sabuni, rangi za nywele, asidi za viwandani na viuatilifu, vikiwemo vinavyopulizwa kwenye nyanya za Kalenga na vijiji vingine vya Iringa na Mbeya.

Chanzo

Mwaka 1933 rangi ya kope iliyouzwa Marekani kwa jina la Lash Lure iliwajeruhi wanawake waliopakwa saluni. Baadhi yao walipofuka na mmoja alifariki. Rangi hiyo ilikuwa na parafenilinidiamini, kemikali ambayo mpaka leo imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Serikali ya Marekani haikuwa na mamlaka ya kuiondoa sokoni hadi ilipopitishwa sheria ya 1938 iliyoingiza vipodozi katika usimamizi wake. Mwaka 1944 Draize, Geoffrey Woodard na Herbert Calvery walichapisha utaratibu mmoja wa kupima madhara ya vitu vinavyogusa ngozi na macho, wakiendeleza kazi ya daktari wa macho Jonas Friedenwald.

Utaratibu

Hutumika sungura weupe wenye macho mekundu, kwa kuwa jicho lisilo na rangi huonyesha wekundu na uvimbe waziwazi. Macho yote mawili hukaguliwa kabla, na sungura mwenye kasoro huachwa. Kope ya chini huvutwa taratibu mpaka itokee nafasi kama kimfuko, na humo hutiwa mililita 0.1 ya kimiminika, au unga usiozidi miligramu 100. Kope hubanwa kwa takriban sekunde moja. Jicho la pili haliguswi, nalo huwa la kulinganishia.

Mkaguzi hutazama jicho baada ya saa 1, 24, 48 na 72. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hupewa hadi alama 80, kutegemea ukungu umekuwa mzito kiasi gani na umeenea wapi. Irisi, yaani duara linalozunguka mboni, hupewa hadi alama 10. Utando wa ndani ya kope hupewa hadi alama 20 kwa wekundu, uvimbe na majimaji yanayotoka. Jumla ni 110. Uzito mkubwa uliopewa konea una sababu yake: kovu la konea ndilo linaloziba mwanga.

Zamani sungura sita au zaidi walitumika kwa kila kemikali, na mara nyingi bila ganzi. Mwongozo namba 405 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa, sasa unaanza na sungura mmoja. Wengine wasiozidi wawili huongezwa kuthibitisha jibu. Tangu marekebisho ya 2012, ganzi na dawa ya maumivu ni sehemu ya utaratibu wenyewe. Kemikali yenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kwenda juu, huhesabiwa kuwa kali bila kumgusa mnyama, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kinyume.

 

Ukosoaji

Ukatili wa jaribio ni dhahiri. Mnyama ambaye hawezi kulisafisha jicho lake kama mtu anavyonawa aliachwa, kabla ya ganzi kuwa sehemu ya utaratibu, na maumivu yaliyoweza kudumu siku nyingi. Upungufu wa kisayansi nao si mdogo. Konea ya sungura ni nyembamba kuliko ya binadamu, sungura hupepesa macho mara chache, na ana kope ya tatu ambayo sisi hatuna. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walionyesha kwamba maabara mbalimbali zilizopewa kemikali zilezile zilitoa alama zilizotofautiana mno.

Mwanaharakati Henry Spira alilipeleka suala hili kwa umma Aprili 1980 kwa tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times dhidi ya kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kampuni hiyo ilikubali kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller zitafutwe njia nyingine. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama Machi 2013. Marufuku hiyo haikugusa viuatilifu.

Njia mbadala

Macho ya ng'ombe kutoka machinjioni na ya kuku waliochinjwa yalikubaliwa na OECD mwaka 2009, na tishu zilizokuzwa kutokana na seli za binadamu zikafuata mwaka 2015. Mara nyingi njia hizi huunganishwa, kwa kuwa moja peke yake huenda isitoshe kuchukua nafasi yote ya sungura.

Tanzania na Nyanda za Juu Kusini

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ndiyo inayosimamia namna wanyama wanavyotendewa nchini. Usajili wa viuatilifu, uliokuwa chini ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya TPRI, Arusha, sasa uko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020.

Kalenga, mkoani Iringa, ni mojawapo ya maeneo ambako viuatilifu hivyo hutumika; ni eneo la kilimo kando ya Mto Ruaha Mdogo. Nyanya hushambuliwa na ukungu na mdudu aitwaye kantangaze, na mkulima hubeba bomba la kupulizia dawa mgongoni mara nyingi kwa msimu. Miwani ya kinga ni adimu.

Dukani mkulima hufundishwa kutazama ukanda wa rangi kwenye chupa: nyekundu, njano, bluu au kijani. Rangi hizo hufuata uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, unaotokana hasa na kipimo cha sumu kinachoua panya ikimezwa au ikipita kwenye ngozi. Jicho halimo katika hesabu hiyo. Klorothalonili, dawa ya ukungu wa nyanya, imo katika kundi la mwisho kabisa la uainishaji huo, ambalo rangi yake ni kijani, lakini Umoja wa Ulaya umeiorodhesha kuwa yenye madhara makubwa kwa macho. Kiambata cha glifoseti, kinachoua magugu, kimewekewa onyo hilohilo. Tahadhari ya jicho, iliyopatikana kwa mateso ya sungura, huandikwa kwa herufi ndogo mbali na rangi, na wenye maduka ya pembejeo wanapaswa kuisoma kwa sauti wanapouza.

Dawa ikiingia jichoni, jicho huoshwa mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa. Kisha mgonjwa hupelekwa kituo cha afya pamoja na chupa yenye lebo.