Pesa za NSSF: Uzichukue ukiwa na miaka 50 au usubiri 60?

Mtu akitimia miaka 50 huku kwetu Pwani, awe ni wa bandarini au wa hotelini, hakosi rafiki wa kumwambia barazani: "Nenda kachukue pesa zako." Ni kweli, sheria inamruhusu. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa.

Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 imeweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60. Anayestaafu mapema anaweza kudai kuanzia miaka 50, mradi awe ameacha kazi ya kuajiriwa. Asipodai, akiba yake hubaki ikiongezewa faida.

Tupige hesabu. Mtu amepokea Sh600,000 akiwa na miaka 50, na matumizi ya nyumbani ni Sh15,000 kwa mwezi. Hizo ni pesa za miezi 40. Hajafika miaka 54, zimekwisha. Nayo posho ya Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, ni ya wazee waliosajiliwa wa miaka 70 kwenda juu. Hapo katikati pana zaidi ya miaka 16. Atakula nini? Wengi huishia kuwategemea watoto, ambao nao wana karo na kodi ya nyumba.

Zipo sababu nzuri za kuchukua mapema: maradhi yaliyokutoa kazini, deni linalokutia dhiki, au biashara ambayo tayari inaingiza. Biashara iliyo kichwani tu si sababu. Na anayezitaka kwa ajili ya hija akumbuke kuwa uwezo unaotakiwa na dini ni pamoja na masurufu ya anaowaacha nyumbani.

Kabla ya kujaza fomu, fanya mambo matatu:

1. Chukua taarifa ya michango yako, uhakikishe kila mwajiri alilipa. Ni rahisi kumfuata angali yupo kuliko kampuni ikishafungwa.

2. Uliza kuhusu kodi. Tangu 27 Desemba 2024, malipo ya aliyefikia umri wa kustaafu hayatozwi kodi ya mapato. Anayetoa mapema aulize kwanza kama msamaha huo unamhusu.

3. Andika matumizi yako ya mwezi, kisha gawanya pesa utakazopata kwa matumizi hayo. Jibu litakwambia zitakufikisha wapi.

Kama una kazi na afya, subiri. Chovya chovya humaliza buyu la asali.