Kujiita kwa kitendakazi kisicho na jina

Kujiita kwa kitendakazi kisicho na jina ni mbinu ya lugha za programu zinazojengwa juu ya vitendakazi, kama Lisp na Haskell, na hutumika pia katika JavaScript na Python. Kwa kawaida kitendakazi hujiita kwa kutaja jina lake. Kisipopewa jina, kitajiita vipi? Inatosha kikabidhiwe chenyewe, kama kinavyokabidhiwa namba au neno.

Mkoani Mara upo mfano hai wa kanuni inayojiita. Wakurya wa Tarime na Wangoreme wa wilaya ya Serengeti hupata rika la kizazi, rikora, kwa kufuata la baba. Rika hili ni tofauti na lile la waliotahiriwa pamoja. Marika ni manane, katika mizunguko miwili: Saai, Nyambureti, Gamunyeri na Maina upande mmoja, Chuma, Mairabe, Gini na Nyangi upande wa pili. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliueleza mfumo wa Wakurya katika jarida la Africa mwaka 1962. Mtoto wa mtu wa Saai ni Nyambureti, mjukuu ni Gamunyeri, kitukuu ni Maina, na kilembwe anarudi kuwa Saai.

Ili kulijua rika la mtu, litafute la baba yake. La baba nalo hutokana na la babu, hadi afikiwe mzee ambaye rika lake linajulikana. Kanuni nzima haitaji jina la mtu hata mmoja. Katika JavaScript huandikwa hivi, ambapo "fuata" ni jedwali la rika lipi hufuata lipi:

(f => f(f, 6))((f, n) => n === 0 ? "Saai" : fuata[f(f, n - 1)])

Kitendakazi cha pili hakina jina. Herufi f ni nafasi ya kupokelea tu: cha kwanza hukipokea cha pili, kisha hukikabidhi chenyewe pamoja na namba ya vizazi. Kila hatua n hupungua kwa moja mpaka sifuri. Jibu la vizazi 6 baada ya mzee wa Saai ni Gamunyeri.

Alonzo Church alipounda kalkulasi ya lambda huko Princeton miaka ya 1930, kila kitendakazi ndani yake kilikuwa hakina jina, hivyo njia nyingine ya kujiita haikuwapo. Kombineta (kitendakazi kisichotegemea chochote nje yake) mashuhuri zaidi ya kujiita, Y, huhusishwa na Haskell Curry:

λf.(λx.f(x x))(λx.f(x x))

Alan Turing alichapisha ya kwake mwaka 1937. Uzuri wa Y, na ni uzuri wa kweli, ni kwamba Y f ni sawasawa na f (Y f): kitendakazi hupata nakala yake kila kinapoihitaji.

Katika JavaScript na Python, Y ikiandikwa hivyo huzunguka bila kikomo, kwa sababu lugha hizo hukokotoa kwanza kile kinachokabidhiwa. Dawa yake ni kuahirisha kwa kuongeza lambda moja, yaani kitendakazi kisicho na jina, ndani ya kila nusu. Umbo hilo huitwa Z. Haskell nayo huikataa x x, kwani aina ya x ingebidi ijibebe yenyewe, na badala yake hutoa kitendakazi fix. John McCarthy, katika makala yake ya Lisp ya mwaka 1960, aliongeza label ili lambda iweze kujitaja.

Kazini ni afadhali kukipa kitendakazi jina, maana ripoti ya kosa husomeka kwa urahisi. Lakini anayetaka kuielewa lugha yake kwa undani aiandike Z kwa mkono wake. Kujiita pia hula kumbukumbu: kwa vizazi 100,000 mstari ule wa JavaScript kwa kawaida hukwama. Kwa kuwa mzunguko una marika manne, gawanya n kwa 4 na ukabidhi baki. Hapo baki ni 0, na jibu ni Saai bila hatua hata moja ya kujiita.